Kitabu cha chuo, silabusi, na alama iliyofutika



Wiki iliyopita, saa nne za usiku, simu yangu ililia. Ni mdogo wangu wa kike, yuko mwaka wa tatu wa sheria. Hakusalimu hata kidogo. Aliandika: "Yaya, banasema tulipe silabusi zote sita mbele ya Ijumaa. Mwenye hatalipa, jina yake haitaenda kwa lisiti." Kila mmoja wenu aliyesoma huku kwetu anajua lisiti hiyo ni ipi. CP anaishika, anapita nayo kati ya viti, na mwenye hayumo ndani yake anaanza kuomba Mungu mbele ya mtihani.

Nitalipa, ni mdogo wangu. Lakini kabla ya kutuma pesa nilikaa kwanza na ule ujumbe, kwa sababu mie silabusi iliwahi kuninyima kazi. Nimeona afadhali niwaeleze ilivyokuwa, halafu niwaeleze pia mambo niliyojifunza baadaye juu ya vitabu vya chuo: vinatoka wapi, kwa nini hatuvioni, na siku hizi vinapatikana wapi bila kulipa.

Mie ni mtoto wa Kakanda. Nimekulia karibu na konsantrateri ya Gécamines, pale ambapo lile lima la mabaki ya mawe yaliyosagwa linaonekana toka mbali. Nilisoma mambo ya metalurjia, nikamaliza, nikapeleka barua kila mahali kama kila mtu. Kampuni moja ikaniita kwenye mtihani wa kuajiriwa. Swali la tatu lilikuwa rahisi kabisa, ni lile la fomula ya Bond. Kwa wale wa masomo mengine: Fred Bond alikuwa inginia Mmarekani aliyetoa mwaka 1952 njia ya kuhesabu umeme unaotakiwa kusaga tani moja ya mawe. Unachukua ukubwa wa mawe yanapoingia kwenye mashine, ukubwa wa unga unaotoka, na namba moja inayoonyesha ugumu wa jiwe lenyewe. Ukiwa na hizo tatu unapata jibu lako.

Mawe yanaingia na ukubwa wa mikroni 10,000, ndiyo sentimita moja. Yanatoka na mikroni 100. Ugumu ni 12. Niliandika fomula kama nilivyoishika kichwani toka mwaka wa tatu: kumi mara kumi na mbili, mara tofauti ya moja kwa mia na moja kwa elfu kumi. Jibu langu likawa 1.19, yaani kilowati-saa 1.19 kwa tani. Nikapiga mstari chini, mistari miwili hata.

Kwenye mahojiano, inginia mmoja mzee aliishika karatasi yangu, akaitazama, akanitazama. Akasema: "Kijana, hii mashine yako ya kusaga inakulaka umeme kidogo hivi, uliiona wapi? Tuende tuinunue leo." Wenzake wakacheka. Mnajua shida ya umeme ya Katanga, migodi inalia kila siku juu ya megawati. Mie nikacheka pia, nikidhani ananisifu.

Jibu la kweli ni 10.8. Mara tisa ya langu! Katika fomula ya Bond haugawanyi kwa ukubwa wa chembe, unagawanya kwa mzizi wake wa mraba, ile rasini kare ya shule. Mzizi wa 100 ni 10, mzizi wa 10,000 ni 100. Moja kwa kumi toa moja kwa mia ni 0.09, mara 120, unapata 10.8. Mtoto wa humanite anaihesabu bila kalkuleta. Lakini kwenye silabusi yangu alama za mzizi hazikuwepo, hata moja. Na mie sikuwahi kuiona fomula hiyo mahali pengine, katika miaka mitano ya masomo.

Sikupata kazi. Nilirudi Kakanda na hasira, na hasira ile ndiyo iliyonifanya niulize. Jirani yetu ni papa mmoja mstaafu, alikuwa kontremeta konsantrateri miaka mingi. Nilimwonyesha silabusi. Hakusema kitu, aliingia chumbani, akatoka na koti la vumbi na ndani yake kuna makaratasi ya kozi hiyohiyo, lakini ya zamani sana, yale ya mashine ya kuandikia. Pale penye fomula ya Bond, alama za mzizi zilikuwepo. Ziliandikwa kwa mkono, kwa biki ya bluu.

Hapo nikaelewa. Mashine ya kuandikia haikuwa na alama ya mzizi. Yule aliyeandika kozi aliacha nafasi, akaongeza alama kwa kalamu baadaye. Sasa mashine za fotokopi za zamani zilikuwa haziioni vizuri bluu iliyopauka. Ukipiga fotokopi mara moja, bluu inabaki kama kivuli. Ukipiga fotokopi ya fotokopi, kivuli nacho kinaenda. Baadaye promosheni moja yenye bidii iliamua kuichapa yote upya kwenye kompyuta. Walichapa walichokiona. Kazi yao ilikuwa safi, herufi nzuri, jalada la rangi, na kosa likavaa suti. Toka hapo hakuna aliyeweza kulitilia shaka tena, kwa sababu lilionekana kama kitabu.

Hilo ndilo jambo ninalotaka tulizungumzie. Silabusi inaonekana kama kitabu, lakini sio kitabu. Na tofauti sio unene wala jalada. Tofauti ni hii: kosa likiwa ndani ya kitabu lina mahali pa kupelekwa. Kuna mtunzi anayejulikana, kuna mhariri, kuna watu waliosoma kabla ya kuchapa, kuna toleo la pili linalosahihisha la kwanza, na mwishoni kuna orodha ya vyanzo ili wewe uende ukaangalie mwenyewe. Kosa la silabusi halina anwani. Linazaa tu, kila mwaka watoto mia moja au mia mbili.

Lakini tusiwe wepesi wa kuwalaumu maprofesa. Nimesikia wengi wetu wakisema wanauza silabusi kwa tamaa, basi. Kuna wa tamaa, sikatai. Ila silabusi yenyewe ilizaliwa na njaa ya vitabu, na njaa hiyo ina tarehe.

Chuo kikuu hapa Katanga kilianza mwaka 1956, mji ukiitwa bado Élisabethville. Vitabu vilitoka Ulaya, hasa Ubelgiji na Ufaransa, maktaba zilijaa. Mwaka 1971 vyuo vyote vya nchi viliunganishwa kuwa chuo kimoja, UNAZA, na mwaka 1981 vikagawanyika tena vitatu: Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani. Mpaka hapo vitabu vilikuwa vinakuja, pole pole, lakini vinakuja. Kisha ukafika mwaka 1990. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei wanafunzi walivamiwa kwenye kampasi ya Lubumbashi. Ubelgiji ilidai uchunguzi, serikali ya Mobutu ikakataa, na ushirikiano ukakatika. Mwaka huohuo, mwezi wa Septemba, mgodi wa Kamoto uliporomoka kule Kolwezi. Gécamines, iliyokuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilishuka chini ya tani 50,000 kufika 1994. Wazazi wetu wa kambi za Gécamines wanajua maana ya namba hizo: hospitali, shule, posho ya unga, vyote vilienda na maji.

Sasa jiweke pale kama profesa wa mwaka 1993. Mshahara hauji, na ukija, zaire imeshuka thamani ukiwa njiani kwenda sokoni. Maktaba haijapokea kitabu kipya. Kitabu kimoja cha Dunod au De Boeck kingekula mshahara wako wa miezi. Una wanafunzi mia tatu mbele yako, na mmoja tu katika chumba ndiye mwenye kitabu: wewe. Utafanya nini? Utaandika muhtasari wa kitabu hicho, utaongeza unayoyajua, utatoa fotokopi, utauza. Mie ningefanya vilevile. Shida ni kwamba ile dawa ya dharura iligeuka chakula cha kila siku, na leo watoto waliozaliwa baada ya zaire kufa bado wanasoma muhtasari wa kitabu ambacho hawajui hata kinaitwaje.

Kitabu cha fani yangu nimekuja kukijua nikiwa nimeshahitimu. Wenzetu wa metalurjia mnakijua kwa jina la Wills, Barry Wills, toleo la kwanza ni la 1979. Huyo bwana kabla ya kufundisha Uingereza alifanya kazi kwenye migodi ya Chingola, Zambia. Chingola, jamani! Hapo tu ng'ambo ya mpaka, mkanda uleule wa shaba. Kitabu kilianzia karibu na nyumba yetu, kikaenda Ulaya, na kurudi kwetu kinarudi kwa bei ambayo mtoto wa Kakanda haigusi.

Na PDF? Najua mnaniuliza hivyo. Ndiyo, zinazunguka kwenye simu, kila mtu anazo, na sitakuja hapa kujifanya mtakatifu. Nitasema tu kwamba nyingi ni matoleo ya zamani, nyingine kurasa zimekatwa, na huwezi kuzichapa kwa uwazi ukaziweka kwenye maktaba ya chuo, kwa sababu ni mali ya mtu. Hata sheria yetu ya haki za watunzi ipo toka 1986. Kwa hiyo PDF ya wizi inamsaidia mmoja, haimjengi mwingine.

Kuna kitu kingine ambacho wengi wetu hatukijui, na mie nilikijua kwa kuchelewa: vitabu vya chuo vilivyo wazi kisheria. Sio vya kuibwa. Waandishi wenyewe wametoa ruhusa.

Cha kushangaza ni kwamba mambo haya yameshika nguvu Marekani, na sababu ni ileile ya kwetu: bei. Huko nako mwanafunzi analia juu ya vitabu. Mwaka 1999, profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Rice mjini Houston, Richard Baraniuk, alianzisha mradi wa kuweka kozi kwenye intaneti bure. Ukakua, na mwaka 2012 ukatoa vitabu vyake vya kwanza kwa jina la OpenStax, kikiwemo cha fizikia na cha sosholojia. Leo kuna biolojia, kemia, anatomia na fiziolojia, takwimu, uchumi, saikolojia, hisabati ya kalkulasi, astronomia, na vingine. Vimeandikwa na walimu, vimesomwa na walimu wengine kabla ya kutoka, na unavishusha kwenye simu bila kulipa hata franka moja na bila kumwomba mtu.

Ruhusa yenyewe inaitwa Creative Commons. Shirika lake lilianzishwa mwaka 2001. Zipo ruhusa za aina kadhaa, na inafaa uzitofautishe. Vitabu vingi vya OpenStax vilitoka na ile iliyo pana zaidi, herufi zake ni CC BY: unaruhusiwa kunakili, kuchapa, kugawa, kubadilisha, kutafsiri, hata kuuza nakala ulizochapa, sharti moja tu, umtaje mtunzi na ruhusa yake. Nyingine zina herufi NC ndani yake, maana yake usifanye biashara. Kitabu chao cha kalkulasi, kwa mfano, kilitoka na hiyo. Herufi SA maana yake ukikibadilisha, nawe uachie wengine kwa ruhusa ileile. Angalia kurasa za mwanzo, utaziona.

Soma tena hapo juu: kutafsiri na kuchapa. Yaani wewe na rafiki zako mnaweza kuchukua sura moja ya kemia, mkaiweka kwa Kifaransa, mkaongeza mifano ya Shituru badala ya mifano ya Texas, mkapeleka kwa fotokopi pale mjini Likasi na kuwauzia wenzenu kwa bei ya karatasi, na hamjavunja sheria ya mtu yeyote. Ukiniuliza mie, hilo ni kubwa kuliko bei yenyewe.

Na makosa? OpenStax wana mahali ambapo msomaji yeyote anatuma kosa aliloliona, na masahihisho yanawekwa wazi watu wayasome. Nilipoiona mara ya kwanza ile orodha ya makosa, ndefu, yenye kurasa na mistari, nilikaa kimya. Huku kwetu kitabu chenye orodha ya makosa kingeonekana cha aibu. Kumbe ndiyo heshima yake. Alama zangu za mzizi zingerudi kwa wiki moja.

Sasa msikimbie kushangilia, kuna mambo mawili.

La kwanza ni lugha. Vitabu hivyo vya Rice vingi ni vya Kiingereza, na sisi tumesomeshwa kwa Kifaransa. Kwa hisabati na fizikia haisumbui sana, mchoro ni mchoro na fomula ni fomula, unaweka sentensi kwenye mtafsiri wa simu na unaenda. Kwa saikolojia utachoka. Lakini Kifaransa nacho kina hazina zake, na ajabu, wengi hawazijui. Kwa hisabati kuna Exo7, kazi ya walimu wa Chuo Kikuu cha Lille: kozi nzima za miaka ya mwanzo, mazoezi na masahihisho yake, na video juu yake. Mtu wa mwaka wa kwanza wa polytechnique ambaye hajafungua Exo7 anajitesa bure. Kwa sosholojia, antropolojia, falsafa, siasa, kuna Les Classiques des sciences sociales, iliyoanzishwa mwaka 1993 na mwalimu mmoja wa sosholojia wa Chicoutimi, Québec, Jean-Marie Tremblay. Alianza kuweka maandishi ya kale kwenye kompyuta pamoja na watu wa kujitolea, leo ni maelfu ya vitabu. Durkheim yuko pale mzimamzima. Usisome tena "Durkheim anasema" ya silabusi, nenda ukamsikie mwenyewe. Na kulekule Québec kuna Éditions science et bien commun, nyumba ya uchapaji ambayo marehemu Florence Piron, profesa wa Université Laval, aliijenga akiwafikiria hasa watafiti wa Afrika na Haiti. Vitabu vyake vinasomwa bure, na waandishi wengi ni Waafrika.

La pili, na hili nimelijifunza kwa uchungu: vitabu hivi huria vinakaa kwenye masomo ya mwanzo. Mwaka wa kwanza, wa pili, vimejaa. Ukipanda juu, ukifika kwenye kuelea kwa madini, au hidrometalurjia, au sheria ya madini ya nchi yetu, hakuna Houston itakayokuandikia. Fomula ya Bond haimo kwenye OpenStax, niliitafuta.

Hapa ndipo ninapotaka kuitetea silabusi, baada ya kuisema vibaya hivi. Mie ni wa Kakanda, nimekulia juu ya mawe. Mchukue mwanafunzi wa jiolojia wa mwaka wa pili wa huku, umwulize tabaka za mawe ya shaba. Atakuimbia kama sala: RAT, D Strat, RSF, RSC, SD, CMN. RSC ni yale mawe yenye vitundu vitundu kama sifongo, wachimbaji wanayajua kwa macho bila kusoma. CMN ni ile chokaa yenye madini meusi. Majina haya yote ni ya Kifaransa kwa asili, yalitokana na kazi ya miaka ya wanajiolojia wa Union Minière na baadaye Gécamines, toka Jules Cornet alipopita Katanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Fungua kitabu kinene cha jiolojia cha Marekani au Ulaya, chenye rangi, cha dola mia: Katanga inapata mistari michache, na RSC hutaiona. Iko wapi? Kwenye ripoti za Gécamines, kwenye tezi za chuo, kwenye makala za wataalamu, na kwenye silabusi. Ile fotokopi iliyopauka ndiyo imebeba elimu ya mlima wetu. Tukiitupa tutabaki tunaijua Grand Canyon bila kuijua Kakanda.

Kwa hiyo mie nasoma hivi, na ndivyo ninavyomwambia mdogo wangu. Yale ambayo ni ya dunia yote, mzizi wa mraba, seli, mahitaji na ugavi, yaangalie kwenye kitabu, kwa sababu yapo mengi ya bure na yamesahihishwa. Yale ambayo ni ya hapa, yachukue kwenye silabusi, lakini uliza tarehe yake na uliza profesa aliyatoa wapi. Tarehe hasa. Kitabu cha kweli kinakuonyesha mwaka wa toleo kwenye ukurasa wa pili. Silabusi inakuonyesha mwaka wa masomo kwenye jalada, na jalada linabadilishwa kila Oktoba hata kama ndani hapajaguswa.

Mfano ninao mkononi. Nilimwambia mdogo wangu anitumie picha za kurasa za kozi ya sheria ya madini, aliyokwisha kuinunua. Jalada: la mwaka huu. Ndani: mrabaha wa shaba ni asilimia 2. Hiyo ni ya Kodi ya Madini ya tarehe 11 Julai 2002. Sheria ilibadilishwa tarehe 9 Machi 2018, na shaba ikapanda mpaka asilimia 3.5. Kobalti, ambayo baadaye mwaka huohuo ilitangazwa madini ya kimkakati, ikaenda asilimia 10. Hayo sio mambo madogo. Kuna mrabaha unaogawanywa, sehemu yake inatakiwa kufika kwenye mkoa na kwenye eneo lile ambapo mgodi uko. Mtoto wa Kakanda anayesomea sheria ili siku moja aisimamie hesabu hiyo, anafundishwa namba iliyokufa toka 2018. Kwa wanasheria, kitabu chenu huria cha kwanza ni Journal officiel. Na leganet.cd mnaijua, au muijue leo.

Nilimwandikia hayo yote. Alijibu baada ya dakika mbili: "Sasa yaya, kwa mtihani niandike 2 ao 3.5?"

Swali hilo lilinishinda kwa muda. Ni rahisi kwangu mie niliyemaliza kusema andika ukweli. Yeye ndiye mwenye kutafuta alama kumi kwa ishirini, na profesa anasahihisha kwa kulinganisha na silabusi yake. Mie mwenyewe niliandika kile kilichokuwa kwenye silabusi miaka mitano na nikapata alama nzuri, distinction hata. Alama zile hazikuniokoa mbele ya yule inginia mzee.

Nilimpigia. Tukazungumza karibu saa moja, mtandao wa Kakanda ukikata na kurudi. Tulipofika mwisho tukakubaliana hivi: aende kwanza kwa asista, sio mbele ya watu, na asiende kusema "silabusi ina kosa". Aseme: "Asista, nilisoma sheria ya 2018 nikaona namba nyingine, naomba unisaidie kuelewa." Huyo asista naye alisoma silabusi hiyohiyo, na hakuna mtu anayependa kuaibishwa na mtoto wa mwaka wa tatu.

Alienda Jumatano. Asista alimsikiliza, akaomba amwonyeshe kwenye simu, akasoma, akasema ataongea na profesa. Zaidi ya hapo hakuahidi kitu. Mdogo wangu ameamua mwenyewe kwamba ataandika zote mbili, kila moja na tarehe ya sheria yake, ili atakayesahihisha achague.

Pesa za silabusi zote sita nimezituma. Mie nimeandika upya ukurasa wa Bond, na alama za mzizi mahali pake, nikampa CP wa promosheni ya sasa pale nilikosoma, na yule papa jirani ameniruhusu kupiga picha makaratasi yake yote kabla panya hawajamaliza kazi. Kurasa 140 hivi. Nimefika ya 60, kwa simu, mchana tu maana jioni umeme haupo. Mwenye skana Likasi aniambie.

Mtihani wa mdogo wangu ni Jumanne.